Wimbo wa Mahali Ambapo Sikuwepo

24 Februari

Nimefika kwa baba mkwe saa nane mchana, gitaa mgongoni, kama mtu aliyekuja kutumbuiza. Sikuja kutumbuiza. Wifi yangu Corinne alinipigia simu wiki iliyopita.

"Mzee kateleza kwenye barafu, kavunjika mkono. Miti nayo haitasubiri apone. Njoo utusaidie, wewe si huna kazi?"

"Ninayo kazi, wifi."

"Kazi gani? Mwaka na nusu hujatunga hata wimbo wa kumbembeleza paka."

Nilikata simu kwa hasira. Kesho yake nikafungasha.

Owen, mume wangu, alifia kwenye msitu ulio nyuma ya nyumba hii tarehe 19 Machi, miaka mitatu iliyopita. Alikuwa anatengeneza mabomba ya mpira yanayochukua utomvu mtamu wa miti, ule tunaouchemsha uwe asali, tawi likakatika juu likamwangukia. Baba yake, Mzee Harlan, alikuwa naye. Alimshika mkono mpaka mwisho, hivyo ndivyo alivyotuambia. Mimi nilikuwa Ohio kwenye ziara ya maonyesho. Baada ya mazishi nikahamia mjini, nikatunga nyimbo kumi na moja kuhusu Owen, zikawa albamu, na watu nisiowajua wakaanza kuniandikia barua kwamba nimewaponya. Mimi mwenyewe sijui nimepona au nimezoea tu.

Mzee Harlan hajawahi kusema neno juu ya albamu ile. Nilimpa nakala yake. Leo alinifungulia mlango, mkono kwenye plasta, akanitazama miguuni.

"Buti hizo hazifai," akasema. Ndiyo karibu yangu.

26 Februari

Baridi kali. Utomvu haujatoka. Corinne alipita na basi la shule analoendesha, akanywa kahawa yetu, akaondoka.

27 Februari

Vilevile. Nimelishika gitaa, nikalirudisha.

1 Machi

Umetoka! Usiku uliganda, mchana jua likawaka, na miti ikafunguka. Nimezunguka msituni tangu asubuhi nikitafuta mahali mipira inapovuja na kuisumbua pampu inayovuta utomvu hadi kibandani, Mzee Harlan nyuma yangu akinielekeza kwa mkono wake mmoja mzima.

"Si hapo. Juu. Juu zaidi. Husikii panavyonyonya hewa? Wewe si mwanamuziki?"

Nilisikia kweli, mluzi mwembamba kama chai inayoanza kuchemka. Nikaziba, ukanyamaza. Akaguna. Kwa mtu mwingine ningehesabu ni sifa.

Kuna sehemu karibu na mwamba mkubwa ambako hatukufika. Alikata kona kabla ya hapo, kama vile msitu umeishia pale. Sikumuuliza, nami nilishukuru.

5 Machi

Mkutano wa mwaka wa mji. Saa mbili nzima tumebishana juu ya greda la barabara. Wakati wa chakula Bibi Althea Wheelock, ambaye amesimamia ukumbi wa kanisa tangu kabla sijazaliwa, akanishika kiwiko.

"Tarehe sita Aprili ni karamu ya asali. Utatuimbia, sivyo? Ule wa taa ya jikoni."

Nikasema ndiyo kabla sijafikiri. Nilipogeuka, Mzee Harlan alikuwa anakula pai yake, macho kwenye sahani. Mtu hawezi kula pai kwa umakini namna ile kama hajasikia kitu.

Wimbo wenyewe ndio uliosambaa kuliko yote kumi na moja. Naandika ubeti wake hapa ili niuone kwa macho ya mtu mwingine:

*Nilikuwepo, mkono wako mkononi mwangu,*
*theluji ikakutulia begani, hukuisikia.*
*Ukaniambia, tangulia, washa taa ya jikoni,*
*nami nitafuata.*

Sikuwepo. Ule mkono ulikuwa wa Mzee Harlan, mimi nikauchukua nikauvaa. Maneno niliyatunga mezani, mwezi wa Agosti, huku nakula pichi. Nadhani hilo ndilo lililomnyamazisha mzee, kwamba nilimwibia. Kila nikisema nitamwomba radhi, ananituma kuleta kuni.

8 Machi

Tumechemsha tangu asubuhi. Nywele zangu zinanuka sukari.

10 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilikuwa kwenye kibanda cha kuchemshia, mvuke umejaa hadi darini, Mzee Harlan kwenye kigoda chake anachunga kipimajoto. Mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke wa miaka sitini hivi mwenye koti jekundu.

"Wewe ndiye Nadine Pelkey?"

"Ndimi."

Akanikumbatia kabla sijafuta mikono. Anaitwa Yvonne Ouellette, ametoka kaskazini mwa Maine, ameendesha gari kwa muda wa saa saba. Mwanawe Luc, kijana wa miaka ishirini na miwili, alizama ziwani na pikipiki ya theluji, barafu ilipomkatikia. Ni majira mawili ya baridi sasa. Alisema hayo yote amesimama, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kisha akakunja mkono wa koti. Kwenye kifundo alikuwa amejichora chale, kwa wino wa buluu: *washa taa ya jikoni*.

"Sikukuletea matatizo, dada. Nina swali moja tu, nilijiambia siwezi kuliuliza kwa simu. Mumeo, alisema kweli? Kwamba atafuata?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno lenyewe lilikuwa limeshafika kinywani. Lakini Mzee Harlan alikuwa ameacha kutazama kipimajoto, na mimi nikaona aibu mbele yake.

"Sikuwepo, mama."

"Hukuwepo wapi?"

"Hapa. Nilikuwa Ohio, kazini. Yale maneno nimeyatunga."

"Yote?"

"Yote. Aliyekuwa naye ni huyu, baba yake."

Sikukusudia kumsukumia mzee. Yvonne akamgeukia taratibu.

"Basi wewe, baba. Alisema nini?"

Asali ilikuwa inapanda kwenye sinia pana ya kuchemshia, inataka kufurika, na hakuna aliyeishughulikia.

"Sikumbuki," akasema Mzee Harlan.

Yvonne akashusha mkono wa koti, akafunga kifungo. Nilimpa kiti, hakukaa. Nilimpa chupa ya asali, hakuichukua.

"Ungesema tu," akaniambia. "Ungesema mwanzoni, jamani hii ni hadithi. Angalau tungejua tunalia nini."

Gari lake lilikwama topeni mara mbili kabla halijafika barabarani. Nilikwenda kulisukuma. Alikaa kwenye usukani hanitazami, mimi nasukuma, tope linanirukia usoni. Likatoka. Akaenda.

Niliporudi, mzee alikuwa anakwangua sukari iliyoungua.

"Umemwambia ya nini?"

"Ameniuliza, Baba. Ningefanyaje?"

"Watu huuliza mambo mengi."

Nilidhani atafurahi kwamba hatimaye nimekiri. Ana hasira kuliko Yvonne. Sielewi.

11 Machi

Sielewi bado.

12 Machi

Corinne anasema niache kujitesa. "Wewe mtunga nyimbo, si karani wa mahakama." Saa moja baadaye, akiwa anavaa glavu zake: "Lakini ungeweza kumwambia ndiyo, yule mama. Ungepungukiwa nini?" Nikamuuliza anashikilia lipi kati ya hayo mawili. Akasema yote mawili, kwaheri, ana watoto wa kuchukua.

15 Machi

Joto limezidi. Utomvu umekata.

16 Machi

Joto.

17 Machi

Joto, na mvua. Mzee anasimama dirishani, anatazama msitu, anarudi, anakaa, anasimama. Mimi nafanya hivyo hivyo na gitaa. Tumekuwa kama saa mbili za ukutani, na hakuna inayotaja wakati sahihi.

18 Machi

Nimejaribu wimbo mpya. Mistari minne. Yote ilikuwa na neno "labda". Nimeichana.

19 Machi

Usiku uligandisha tena, na asubuhi utomvu ukarudi. Leo, kati ya siku zote. Tulikunywa kahawa bila kuitaja tarehe. Saa tisa alasiri Mzee Harlan akachukua funguo za pikapu kwa mkono wake wa kushoto.

"Hutakiwi kuendesha na plasta," nikamwambia.

"Sitakiwi mengi."

Nilimpa dakika tano, nikafuata alama za matairi kwa miguu. Zilikwenda moja kwa moja hadi kule karibu na mwamba, mahali alipokata kona ile siku ya kwanza. Pikapu ilikuwa imezimwa, vioo vimepanda. Nilipokaribia nikasikia mwanamke anaimba ndani. Ilinichukua muda kujua kwamba ni mimi.

*Nilikuwepo, mkono wako mkononi mwangu.*

Ulipoisha, akaurudisha mwanzo. Aliubonyeza bila kutazama, kwa kidole kinachojua njia. Nikagonga kioo. Nilitegemea atashtuka. Akanyoosha mkono tu, akafungua mlango wa upande wa pili.

"Ingia. Baridi."

Nikaingia. Nikaanza kuomba radhi, kwamba nilichukua nafasi yake, kwamba mkono ule ulikuwa wake na sikuwa na haki. Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Sikumshika," akasema.

"Nini?"

"Mwanzo nilimshika. Tawi lilikuwa kifuani, mimi siwezi kuliinua, naye anaongea vizuri tu, sauti yake ya kila siku. Akasikia pampu kule kibandani inalia, tangi limekauka. Akasema, Baba, nenda kaizime, itaungua." Alikuwa anaongea na kioo cha mbele. "Nikawaza, mtu anayewaza pampu hafi. Nikaenda. Nikaizima, nikapiga simu ya msaada, nikarudi. Theluji ilikuwa mpaka magotini, na mimi nina miaka sabini na moja. Labda dakika ishirini. Niliporudi alikuwa peke yake na ameshakwenda."

Nikafuta ukungu kwenye kioo cha upande wangu.

"Ulituambia ulimshika mpaka mwisho," nikasema.

"Mlikuwa mmesimama mnanitazama. Wewe umetoka uwanja wa ndege na mkoba begani. Ningewaambia pampu?"

"Corinne anajua?"

"Hakuna anayejua."

Mipira ya utomvu ilikuwa inatiririka pande zote mbili za pikapu. Kisha akagusa redio kwa ncha ya kidole, kama mtu anavyomgusa mtoto aliyelala.

"Humu kwenye wimbo kuna mtu yuko naye," akasema. "Mimi nakuja hapa kusikiliza hivyo. Halafu wewe unamwambia yule mama hakuna mtu."

20 Machi

Tumechemsha. Galoni kumi na nane. Hatukuzungumza, lakini si kimya kile cha kwanza.

21 Machi

Miaka mitatu nimemuona mzee huyu jiwe. Nilimwandikia hata wimbo, wa saba kwenye albamu, unaosema hivyo. Nimeusikiliza leo peke yangu chooni. Ni wimbo mzuri, na ni wa uongo kuliko ule mwingine.

24 Machi

Nilimwambia Corinne kwamba sitaimba kwenye karamu.

"Sababu?"

Nisingeweza kumwambia sababu, si yangu kuitoa. Nikasema koo linauma.

"Koo! Wifi, tangu asubuhi umemfokea mbwa wa Mzee mpaka kijiji kizima kimejua jina lake. Sema hutaki."

"Sitaki."

"Sawa. Basi nenda mwenyewe ukamwambie Bibi Althea, mimi bado natamani kuishi."

Sikwenda. Nikiimba, namdanganya Corinne atakayekaa pale mbele akidhani baba yake alimshika kaka yake. Nisipoimba, namnyang'anya mzee kitu chake cha pekee. Nikisema kweli, ni kweli ya nani? Kichwa kimejaa kama tangi.

30 Machi

Mtiririko mkubwa. Siku tatu sijavua buti. Siwazi chochote, na ni raha.

6 Aprili

Karamu imekwisha. Nimekaa jikoni, bado nina sketi ya heshima na buti zenye tope.

Ukumbi ulijaa saa kumi na moja jioni, madirisha bado yana jua. Meza zilipangwa kama kila mwaka: makarai ya theluji safi, asali moto inamiminwa juu inaganda kama uzi, donati, na achari ya matango ili ulimi usichoke na utamu. Mzee Harlan alivaa tai. Corinne alikuwa ananong'ona kila mtu anayepita amenenepa kwa sababu gani.

Bibi Althea akaniita mbele. Nikakaa kwenye kiti, nikarekebisha nyuzi muda mrefu kuliko zinavyohitaji. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ikapotea yote, ikabaki sentensi moja.

"Wimbo huu unasema nilikuwepo. Nataka mjue kwamba sikuwepo."

Kisha Bibi Althea, kutoka kwenye birika la kahawa:

"Tunajua, mwanangu. Ulikuwa Ohio. Si ni mimi niliyekupigia simu? Imba, asali inapoa."

Watu wakacheka. Si kwa ubaya. Walicheka kama mtu anavyomcheka aliyetafuta miwani iliyo puani mwake. Miezi yote hii nimebeba siri ambayo mji mzima ulikuwa nayo. Sikujua nicheke nao au nilie, mikono ikaanza kupiga yenyewe.

Nikaimba. Nilipofika kwenye theluji na bega, Mzee Harlan akasimama. Akapita kati ya meza, taratibu, mkono wa plasta mbele kama mtu aliyebeba sinia, akatoka nje. Corinne akanitazama, akamfuata. Nikaendelea, kwa sababu katikati ya wimbo hakuna mlango wa kutokea.

Nilipomaliza nilikwenda kwenye maegesho. Walikuwa ndani ya pikapu, vioo vimepanda. Mzee anaongea. Anaongea sana, na mkono mzima unaonyesha umbali: kutoka hapa hadi pale. Corinne ameziba mdomo kwa viganja viwili. Nikasimama mbali na koti langu mkononi, sikuthubutu kusogea.

Corinne akashuka, akanijia.

"Ulijua?"

"Tangu tarehe kumi na tisa."

"Karibu wiki tatu! Mkanikalia kimya wote wawili, mimi nawapikia?"

"Hujapika hata siku moja, wifi."

Alinipiga begani, kwa nguvu, iliuma. Kisha akaegemea palepale alipopiga, akalia mpaka akapata kwikwi. "Pampu," alikuwa anasema. "Owen na mapampu yake. Mjinga yule. Mjinga." Nikamshika. Sikujua kama analia kwa uchungu au kwa sababu alikuwa amemsikia kaka yake, yeye hasa, baada ya miaka mitatu ya kusikia mtu niliyemtunga mimi.

Ukumbini walianza kuimba wenyewe, nyimbo za kanisa. Mzee alibaki ndani ya pikapu. Nilipochungulia alikuwa amelala, tai imekaa upande.

7 Aprili

Corinne hakuja.

8 Aprili

Corinne amekuja, ameosha sinia zote bila kusema na yeyote. Alipoondoka alimbusu baba yake kipajini, akamwambia, "Bado nimekukasirikia." Mzee akasema, "Najua." Mimi hakuniaga.

9 Aprili

Yvonne amepiga simu. Nilijua sauti kabla hajajitaja.

"Sikupigi kukusamehe," akasema.

"Sawa, mama."

"Nilikwenda kuuliza bei ya kufuta ile chale. Nikarudi nyumbani nikawasha taa ya jikoni, mchana kweupe. Sijui kwa nini. Wewe unajua?"

"Hapana."

"Nilidhani wewe utajua."

Tukabaki kwenye simu muda mrefu tu. Nikasikia anaosha vyombo. Nami nikaanza kuosha vya kwetu, simu nimeibana shingoni. Hatukusema kingine mpaka maji yake yalipozimwa. Akasema haya basi, akakata.

13 Aprili

Vyura wameanza kulia. Msimu umekwisha. Utomvu unanuka majani.

16 Aprili

Leo tumeng'oa vibomba vya mwisho kwenye miti, Mzee Harlan, Corinne na mimi. Plasta imetolewa juzi, mkono wake umekonda kama wa mtu mwingine. Corinne ameanza tena kunitukana, namshukuru Mungu. Tukafika kwenye mwamba. Safari hii hakukata kona. Corinne akaenda mbele kuvuta mipira, sisi wawili tukakaa kwenye gogo, na theluji ilikuwa imebaki kidogo tu upande wa kivuli.

"Nikuulize kitu," akasema mzee. "Saa ile. Ilikuwa saa kumi kasoro. Wewe kule Ohio ulikuwa unafanya nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Watu elfu kwenye kumbi wameniuliza nilihisi nini, nilipona vipi. Na swali hilo la mzee ndilo nililoliogopa miaka yote mitatu, kuliko Ohio yenyewe.

"Nilikuwa nacheka, Baba."

Akasubiri.

"Tulikuwa tunajaribu vipaza sauti. Fundi wa sauti alikuwa amenuna, nikataka kumchekesha. Nikatunga wimbo hapohapo, wa kipuuzi. Wa mbuzi aliyekula pazia la kanisa. Nilicheka hadi nikakaa chini jukwaani." Nikachora mstari kwenye tope kwa buti. "Simu yangu ilikuwa begani kwenye mkoba, inalia, mimi nacheka."

Nikamngojea anihukumu. Alikuwa anakwangua maganda ya mti kwenye suruali yake.

"Unaukumbuka?"

"Upi?"

"Wa mbuzi."

"Baba, si hapa."

"Imba."

Nikaimba. Bila gitaa, pale alipofia mume wangu. Mbuzi anaingia Jumapili, mchungaji anadhani ni muumini mpya, anampa kiti cha mbele. Ubeti wa pili nilikuwa nimeusahau, nikatunga mwingine. Corinne akasimama kule mbele na mpira mikononi, akageuka kututazama kama tumerukwa na akili. Mzee Harlan alianza kutikisika mabega, nikadhani nimemliza. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akapaliwa, nikampigapiga mgongoni, machozi yanamtoka na mimi yananitoka, na hakuna kati yetu aliyejua ni ya lipi.

Akajifuta kwa mkono wake uliokonda.

"Angeupenda huo," akasema. "Kuliko zile zote."